Baiskeli ya matuta: shajara ya kuitafuta, kuijenga na kuitunza

Jumamosi, 11 Januari

Uma wa baiskeli ya mpwa wangu, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, umepinda. Jana jioni alitua vibaya nyuma ya tuta la tatu, gurudumu la mbele likarudi nyuma mpaka tairi likagusa fremu, akaja nyumbani ameibeba begani. Kiwiko kimechubuka, mengine ni mazima. "Mjomba, nisamehe," akasema kabla hata ya kuniamkia. Sikuwa na cha kumsamehe. Baiskeli ile niliinunua mimi. Ina gia 21, uma wa mbele laini kama godoro, na kibandiko kwenye bomba la kiti kinachosema kwa herufi ndogo kwamba si ya kuruka. Sikukisoma. Kijana wa miaka 16 ameruka miezi miwili juu ya chombo ambacho aliyekitengeneza alishakataza kisirushwe.

Tunaanza upya. Tunatafuta baiskeli ya kuruka matuta ya udongo, ile ambayo waendeshaji huiita dati jampa, na nataka iwe tayari kabla masika hayajashika.

Naandika hapa tunachotafuta ili bei nzuri isije ikanipofusha. Fremu fupi na ya chini, kiti kikae karibu na tairi la nyuma ili magoti yapate nafasi ya kukunjika na kukunjuka hewani. Magurudumu ya inchi 26, kwa sababu duara dogo ni jepesi kugeuza angani na spoku zake fupi hustahimili mtu akitua upande. Uma unaobonyea milimita 100 hivi, tena mgumu. Gia moja. Breki moja, ya nyuma. Watu wakisikia breki moja hushtuka, na mimi nilishtuka. Lakini kwenye matuta mwendo unatoka kwenye mteremko na kwenye kuusukuma udongo kwa miguu na mikono, na breki ya mbele ikiguswa kwa bahati mbaya pale tuta linapoinuka, mtu anatangulia kichwa.

Sharti la mwisho ni langu mwenyewe, na ndilo nitakalolisimamia: kila kitu kwenye baiskeli hii kiweze kufunguliwa na kurekebishwa hapa Arusha, kwa vipuri vinavyopatikana hapa. Baiskeli hizi zimekulia Marekani, Kanada na Uingereza, ambako kipuri kikifa unaagiza leo, kesho kutwa unafunga. Sisi kipuri kimoja kikikosekana, baiskeli inaning'inia ukutani miezi.

Jumamosi, 18 Januari

Tumeona ya kwanza. Fremu ya aluminiamu, nyepesi, rangi ya chungwa, na mpwa wangu alikuwa ameshaikalia kabla sijamaliza kusalimiana na muuzaji. Bei shilingi 350,000.

Nilikwenda na kitambaa, chupa ya maji ya sabuni na tochi. Sehemu ya kwanza kuangalia ni chini ya bomba la chini, pale linapokutana na shingo ya fremu, maana mtu akitua kwa gurudumu la mbele uzito wote unakwenda kuvuta pale. Nikafuta vumbi, nikamulika kwa ubavu, nikaona mstari mwembamba kama unywele, sentimita 3 hivi, umefuata ukingo wa mshono. Nikapitisha ukucha. Ukakwama.

Muuzaji alisema ni mkwaruzo wa rangi. Nilipomwonyesha mahali ukucha unapokwama, akasema basi fundi wa getini ataziba kwa dakika kumi. Hapo ndipo nilipoaga. Aluminiamu ya fremu, mara nyingi ile ya namba 6061, ikishachomelewa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kandokando ya mshono, na kiwandani huzirudisha kwa kuipika fremu nzima kwenye tanuri kwa joto lililopimwa. Huo mshono wa dakika kumi ungependeza machoni, halafu ungekatika mtoto akiwa mita moja na nusu juu ya ardhi.

Mpwa wangu hakusema neno njia nzima. Namwelewa, ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 25 Januari

Tumeipata. Kontena lililotoka Uingereza lilifunguliwa Alhamisi, na katikati ya baiskeli za watoto na za kina mama za kwenda sokoni kulikuwa na Trailstar ya DMR, nyeusi, imejaa mikwaruzo. DMR ni Waingereza, na Trailstar ni fremu ya chuma cha kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu kidogo. Ni nzito kuliko ile ya chungwa. Nimeipenda kwa sababu chuma kina adabu ya kuonya: ufa ukianza, rangi inapasuka, kutu inachungulia, na mara nyingi mtu anapata nafasi ya kuuona kabla bomba halijaachia.

Nimeikagua kwa saa nzima. Shingo ni duara, haijatanuka. Midomo ambamo ekseli ya nyuma inakaa imenyooka na ni ya kulala, kwa hiyo gurudumu linavutwa nyuma kukaza cheni bila kifaa kingine. Kisha nikafanya jaribio la uzi: unafunga uzi kwenye mdomo wa kulia, unauzungusha mbele ya shingo, unaurudisha kwenye mdomo wa kushoto, unauvuta ukaze, halafu unapima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Kulia milimita 31, kushoto 32. Milimita moja naikubali. Zingezidi tatu ningejua nyuma kumepinda.

Uma uliokuja nayo ni Marzocchi Dirt Jumper, wa springi za chuma. Hili lilinifurahisha kuliko fremu. Uma wa upepo ni mwepesi, lakini unataka pampu yake maalumu ya shinikizo kubwa, na sili zake, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, zikichoka upepo unatoka na uma unalala chini. Springi ya chuma haivuji. Marzocchi ni kampuni ya Italia iliyoanza 1949, na upande wake wa baiskeli ulinunuliwa na kampuni ya Fox mwaka 2015, kwa hiyo uma huu ni wa zama zilizopita. Ila ndani yake ni springi, mafuta na sili, na hivyo vitatu tunaviweza.

Breki imekufa. Beringi za pedali zinalia. Gurudumu la nyuma linayumba. Muuzaji alianzia 520,000, "kaka, hii ni ya mashindano," tukamalizana kwa 430,000.

Jumapili, 2 Februari

Siku nzima kwa Mzee, fundi baiskeli, chini ya mjakaranda wake hapa Tengeru. Amefungua na kufunga baiskeli tangu sijazaliwa, nyingi zikiwa Foniksi za kubebea ndizi na maziwa. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akaizunguka mara mbili bila kuigusa.

"Kiti chake mbona kiko chini hivi? Nani atakaa?"

"Hakai mtu, mzee. Anasimama."

"Haya. Ilazeni."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba kikombe cha beringi za pedali upande wa kulia kina hesi ya kinyume, kinafunguka kwa kufuata saa. Hakunipa nafasi. Alishika spana, akaielekeza huko huko na kuiegemea kwa uzito wote. "Upande wa cheni siku zote ni kinyume," akamwambia mpwa wangu, "na pedali ya kushoto pia kinyume. Usiposikia hilo utakata hesi za watu." Baiskeli ya matuta ya Uingereza na Foniksi ya kubebea ndizi hapa kumbe ni ndugu.

Kikombe kilitoka na maji ya kahawia. Mvua na kuoshwa kwa mpira wa maji vimepita kwenye bomba la kiti na kukaa humo miaka. Tumekausha, tumepiga brashi ya waya, tumefunga beringi mpya zilizofungwa kabisa, na hesi zote zimepakwa grisi. Mzee ametoboa tundu la milimita 4 chini kabisa ya kikombe cha fremu ili maji yakiingia yatoke. Foniksi zote zinazopita mikononi mwake anazifanyia hivyo. Nilisita sekunde mbili, halafu nikaona ana haki: fremu ya chuma inaliwa na kutu kutokea ndani, na tundu pale chini halimpunguzii mtu nguvu anayoihisi.

Jumapili, 9 Februari

Usukani umetupwa. Ulikuwa na mkwaruzo mzito pale stemu, kile kishikio kinachouunganisha na uma, inapobana, na ni wa aluminiamu, wala sijui umeanguka mara ngapi huko ulikotoka. Nimenunua mpya. Vizibo vya ncha zake pia, viwili. Usukani ulio wazi mwishoni unamkata mtu tumboni kama kitobolea ngozi.

Jumamosi, 15 Februari

Uma. Tumeufungua mezani kwa mama yake mpwa wangu, juu ya gazeti, na yaliyotoka kwenye mguu wa kushoto yalikuwa meusi na yana harufu ya samaki. Mafuta ya uma hayafanyi kazi ya kulainisha tu. Ndiyo yanayozuia springi isimrushe mtu baada ya kutua. Yakichoka, uma unarudi juu kwa kishindo na gurudumu la mbele linadunda.

Mafuta ya uma wa pikipiki yapo kila duka la vipuri vya bodaboda, namba 10. Mwongozo wa uma huu unataka mepesi kidogo kuliko hayo. Nimeweka namba 10, kiasi kile kile cha mwongozo, nikipima kwa bomba kubwa la sindano la duka la dawa, mguu mmoja mmoja. Uma sasa unarudi taratibu zaidi. Kwa kijana wa kilo 58 anayejifunza, naona ni afadhali hivyo.

Sili ndizo zilizotusumbua. Za zamani zilikuwa zimepasuka midomo. Kipimo chake ni milimita 32, nikamwagiza binamu yangu aliyeko Nairobi, zimekuja na basi. Tumezisukuma ndani kwa kipande cha bomba la maji chenye upana ule ule, tukigonga kidogo kidogo kwa kuzunguka, kwa sababu sili ikiingia upande inaharibika kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Jumamosi, 22 Februari

Nimejua breki ilikufa kwa nini. Ni ya mafuta, na kwenye kifuniko chake imeandikwa wazi mafuta ya madini. Mtu amemimina mafuta ya breki ya gari, DOT 4. Sili za ndani zimevimba na kuwa laini kama ugoro uliolowa. Mafuta haya mawili hayachanganywi kabisa: breki iliyoundwa kwa moja inauawa na lingine.

Ningeweza kutafuta breki mpya ya mafuta. Nimechagua ya diski inayovutwa kwa waya. Inauma kidogo kuliko ile, mkono unafanya kazi zaidi, lakini waya wake ni shilingi 2,000 na upo Tengeru, Usa River na popote penye fundi baiskeli. Kuirekebisha ni kukaza pedi ya ndani mpaka iguse diski, kuirudisha nyuma robo mzunguko, kisha kuvuta waya. Mpwa wangu alifanya mara tatu mwenyewe, ya tatu ilikuwa sahihi. Bolti sita za diski zimepakwa gundi ya hesi.

Jumamosi, 1 Machi

Leo ni siku ya soko, Tengeru imejaa, na tumepata cheni.

Sproketi ya mbele ina meno 32, ya nyuma 16. Pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili, na kwa tairi hili la inchi 26 hiyo ni mita 4 na kitu. Inatosha kujisukuma mara tano au sita kabla ya tuta la kwanza. Baada ya hapo hapigi pedali tena.

Gurudumu la nyuma lilikuwa la gia nyingi. Tumevua zote, tumebakiza nafasi ya sproketi moja ya chuma yenye meno marefu yaliyo sawa, si ile iliyochomolewa kwenye gia za zamani, kwa sababu meno ya gia za kubadilisha yamekatwa makusudi ili cheni iruke, na hapa cheni ikiruka mguu unakwenda chini na kijana anakwenda mbele. Nafasi iliyobaki imejazwa na pete za bomba la plastiki la maji, la inchi 1 na robo, zilizokatwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa msasa juu ya kioo. Tumepunguza moja na kurefusha nyingine mpaka rula ikilazwa kwenye sproketi ya mbele inaigusa ya nyuma bila kupinda.

Nikamuuliza Mzee kama anajua mtu mwenye cheni nene ya gia moja, upana wa moja ya nane ya inchi. Akaingiza mkono kwenye debe nyuma ya kiti chake, akatoa moja, mpya, imo kwenye karatasi yake ya mafuta. "Ya Foniksi," akasema. Nikaipima. Ndiyo hiyo hiyo. Shilingi 7,000.

Nilitaka kukumbuka sura ya mpwa wangu wakati ule, ndiyo maana naandika.

Jumamosi, 8 Machi

Gurudumu la nyuma. Spoku tatu mpya, nyingine zimekazwa upya. Mzee hana kipima mkazo. Anazipiga kwa kucha moja moja na kusikiliza, za upande mmoja zinatakiwa zitoe sauti moja. Ya sauti ya chini ameikaza robo mzunguko, akazungusha gurudumu, akasikiliza tena. Saa moja na nusu. Yumbo limebaki chini ya milimita moja.

Kofia ngumu nimenunua dukani, mpya, yenye alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli. Hilo halina majadiliano: kofia ya mitumba huwezi kujua kama imeshagonga lami, na ikishagonga mara moja, povu lake la ndani limekwisha kazi hata kama juu inang'aa.

Jumamosi, 15 Machi

Ameruka.

Udongo wetu hapa ni wa volkano, wa Meru, mwepesi na wenye vumbi jingi kiangazi. Tuta likiwa kavu linamomonyoka mdomoni. Tulimwagilia jana jioni ndoo 12, tukashindilia kwa koleo, asubuhi lilikuwa gumu na halitoi vumbi. Tuta tulilolianzia ni la meza, juu limejazwa, kwa hiyo asipofika upande wa pili anatua juu yake badala ya kuingia shimoni. Upepo wa tairi paundi 45.

Mara ya kwanza alipita juu bila kuinuka. Ya pili magurudumu yaliacha ardhi kwa kiganja kimoja hivi. Ya sita au ya saba niliacha kuhesabu, kwa sababu sauti ilikuwa imebadilika: ile baiskeli ya zamani ilikuwa inatua kwa makelele ya vyombo vya jikoni, hii inatua kwa mguno mmoja wa tairi, halafu kimya, halafu friwili inaendelea kulia. Mwili wangu wote ulilegea niliposikia hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Kranki ya kushoto, yaani mkono unaoshika pedali, imelegea. Ni kosa langu. Ekseli ya pembe nne, ikiwa mpya, hujikalia zaidi baada ya mizigo ya kwanza, na bolti yake inatakiwa ikazwe tena baada ya siku hiyo hiyo. Nilijua, nikasahau kwa furaha. Bahati aliisikia ikigonga akasimama. Angeendelea nusu saa, tundu la kranki lingeviringika, nayo ikishaviringika hakuna bolti itakayoishika. Nimeikaza, nimeiwekea alama ya rangi nyeupe kutoka kwenye bolti hadi kwenye kranki. Alama ikikatika, tunajua.

Jumamosi, 12 Aprili

Masika. Matuta yamefunikwa kwa turubai na mawe. Akiruka sasa tairi litakata mfereji, mvua itamalizia kubomoa. Baiskeli imefutwa kwa kitambaa, haijapigwa maji, cheni ina tone moja la oili kila pini na iliyozidi imefutwa. Kiti kimechomolewa, bomba lake limepakwa grisi, limerudishwa. Chuma na chuma vikikaa kavu msimu mzima wa mvua vinashikana mpaka msumeno.

Jumamosi, 7 Juni

Wiki ya nne tangu njia ikauke. Anaruka jioni tatu kwa wiki, na sasa ana tuta lenye pengo la mita mbili, tulilolijenga kwa siku tano za koleo.

Ukaguzi wa Ijumaa anaufanya yeye, mimi nakaa kwenye kigoda. Anafuta chini ya shingo ya fremu na kupitisha ukucha kwenye kila mshono. Anashika gurudumu la mbele kwa magoti na kusukuma usukani kuona kama stemu inateleza. Kwa kuwa hakuna breki ya mbele, anageuza gurudumu upande ili tairi likae mkingamo, anaweka kidole kwenye maungio ya shingo na kutikisa. Kidole kikihisi mchezo, bolti za stemu zinalegezwa kwanza, kifuniko cha juu kinakazwa kidogo, ndipo stemu inakazwa tena. Akigeuza utaratibu huo anakaza hewa. Nati za ekseli. Alama nyeupe za kranki. Spoku kwa kucha, kama Mzee.

Cheni imepimwa kwa rula: pini 24 zilikuwa milimita 305 ilipokuwa mpya, leo 306. Ikifika 308 inatoka, kabla haijala meno ya sproketi. Gurudumu limerudishwa nyuma milimita 4 kukaza, na limenyooka.

Jana alinyamaza alipofika kwenye uma, akaniita. "Mjomba, hebu ona." Kwenye mguu wa kushoto kuna pete nyembamba ya mafuta inayobaki kila uma unapobonyea, na vumbi limeanza kushika hapo. Sili. Imekaa miezi mitatu na nusu, sehemu yake matuta yakiwa chini ya turubai. Ameingiza gamba la filamu ya picha chini ya mdomo wake, akalizungusha, likatoka na chembe za mchanga wa volkano. Tutaona kama itashika. Binamu nimeshampigia, analeta jozi nyingine wiki ijayo.